Msiba wa Mwalimu Luhende

Kuna uchovu wa jembe na kuna uchovu wa Luhende. Wa jembe unaisha ukioga, ukala ugali wako, ukalala. Wa Luhende haukuisha, kwa sababu kilichokuwa kimeadimika kwake ni huko kulala kwenyewe, na kila aliyekuwa na uwezo wa kumpa nafasi ya kulala alikuwa na sababu nzuri ya kumnyima.

Alikuwa mhadhiri wa afya ya mifugo kwenye tawi la chuo kikuu kimoja lililojengwa porini, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Mpanda mjini. Aliyechagua kiwanja kile hatumjui. Labda alifika na gari lenye kiyoyozi, akaona miti mizuri, akaondoka. Madarasa yalijengwa, mabweni yakajengwa, geti nalo likajengwa la kupendeza, lenye maua pande mbili. Nyumba za watumishi ziliambiwa zisubiri awamu ya pili. Awamu ya pili mpaka leo iko njiani, na njia za huku kwetu mnazijua.

Basi Luhende akapanga chumba mjini, mtaa wa Makanyagio, kwa Mama Dorika, mjane wa Kifipa mwenye moyo mweupe na nyumba safi. Kasoro ya nyumba ile ilikuwa jirani yake, mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno mashine ilianza kunguruma kabla jogoo hajawika, na ilinyamaza watu wameshapanda vitandani. Pumba zilitua juu ya vitabu, juu ya shuka, zikaingia hata kwenye chai. Mama Dorika alikuwa ameshazoea, alizaliwa na kelele zake. Luhende hakuzoea.

Basi la watumishi lilikuwepo, asije mtu akasema chuo hakikununua basi. Lilikuwa nyuma ya karakana, juu ya mawe, tangu masika yaliyopita, likisubiri kipuri ambacho nacho kilikuwa kinasubiri saini. Kwa hiyo kila asubuhi Luhende alifunga begi lake kwenye pikipiki, akaiacha lami, akaingia kwenye vumbi. Katikati ya pori mbung'o walimngojea. Mbung'o haogopi elimu. Anatoboa shati, anatoboa na fulana ya ndani, na ukiachia mkono mmoja kumpiga, mchanga unakuchukua na pikipiki yako. Alikuwa akifika darasani mgongo unamwasha, macho mekundu, kabla hajasema hata "Habari za asubuhi."

Mkewe Monika alikuwa muuguzi Songea. Waliomba uhamisho, yeye amfuate mke au mke amfuate yeye, yoyote kati ya hayo, wakajibiwa wasubiri. Watoto wao wawili walimjua baba kwa sauti. Yule mdogo alipoonyeshwa picha yake alisema ni mtu wa kwenye simu.

Na isidhaniwe kwamba Luhende alikuwa mtu wa kulalamika tangu mwanzo. Huku alikuja kwa kuomba mwenyewe. Baba yake alikuwa mmoja wa Wasukuma walioshuka na ng'ombe kutoka Maswa wakafika Katavi kutafuta malisho, na Luhende alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe hao mpaka mjomba wake Ng'washi, aliyebaki Maswa, akamchukua akamsomesha. Alipomaliza masomo ya juu alipewa nafasi ya kubaki Morogoro, akakataa. Alisema kwao kuna ng'ombe wengi na waganga wa mifugo wachache. Miaka ile ya mwanzo wanafunzi walikuwa wanaingia kwenye vipindi vyake hata wasiosoma somo lake, wamesimama ukutani. Alikuwa akieleza ugonjwa, unamwona ng'ombe mwenyewe mbele yako anakohoa.

Kisha wenzake wakaanza kuondoka. Mmoja alimfuata mume Dodoma. Mwingine alikwenda kusoma nje, akanogewa huko. Wa tatu aliingia kwenye siasa, ambako alisema kuna usingizi. Kila aliyeondoka aliacha vipindi vyake mezani, na vipindi vyote viliambiwa vishikwe na Luhende kwa muda. Likizo yake ikasogezwa, halafu ikasogezwa tena. Akawa anafundisha shahada na stashahada, asubuhi na jioni, mada zile zile kwa madarasa tofauti, na kichwani mwake madarasa yakaanza kuchanganyika kama mbuzi wa vijiji viwili kisimani.

Kitu alichokuwa anakiogopa alikijua vizuri. Nyumba alishaishi bila nyumba, mke alishaishi bila mke. Alichokuwa amebakiwa nacho ni ualimu wake, ile sifa ya kwamba ukifundishwa na Luhende umefundishwa. Alikuwa anauona unamtoka mikononi, na hakuwa na nguvu ya kuukaza mkono.

Ulimtoka kweli siku aliyowapeleka wanafunzi wa shahada, mwaka wa tatu, kijijini Kakese kwa mfugaji Mzee Manyanda. Chuo hakikuwa na ng'ombe wake, kwa hiyo Mzee Manyanda alikuwa amewafungulia boma lake kwa heshima ya Luhende tu. Wiki mbili mbele wanafunzi hao walikuwa wanakwenda vijijini kwa mafunzo ya vitendo, kila mmoja peke yake na ng'ombe wa watu.

"Mwangaluka, mwalimu," mzee alimsalimu. "Yule mtamba pale hali vizuri. Waangalie hao vijana wako."

Luhende aliwaambia wapime wamwambie kama ni ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Wanafunzi wakamzunguka yule mtamba. Mmoja akamshika tumbo, mwingine akamtazama macho. Hakuna aliyepeleka mkono chini ya sikio, kwenye tezi inayovimba mapema, mahali ambapo ukishapaonyeshwa hupasahau. Walisimama pale wanatazamana, na Mzee Manyanda kwa adabu akageuka akajifanya anafunga lango.

"Tezi iko wapi?" Luhende aliuliza.

Halafu msichana mmoja, Specioza, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa maharage Mishamo na ambaye hakuwa msemaji hata kidogo, akasema taratibu, "Mwalimu, samahani. Ndigana hujatufundisha."

Luhende alikumbuka waziwazi kwamba alifundisha. Alikumbuka ubao, alikumbuka mchoro wa kupe, alikumbuka hata darasa lilivyocheka. Hasira ikampanda, ile ya mtu ambaye hajalala, isiyopiga hodi.

"Usinitie uongo mdomoni mbele ya mzee wa watu," alisema. "Ulikuwa umelala. Kama shule imekushinda, rudi Mishamo ukapalilie maharage."

Specioza aliinamisha kichwa. Wenzake nao hawakumtetea. Huku kwetu mwalimu habishiwi, hata pale ambapo kubishiwa kungemsaidia.

Kesho yake Luhende aliingia kwa mkuu wa tawi kuomba likizo, hata ya siku chache. Mkuu alikuwa mtu mwema, na naye alikuwa na macho mekundu kama yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, ukiondoka wewe nani anaingia darasani?" aliuliza. "Nitajie jina moja tu, nisaini sasa hivi."

Luhende alifikiri. Jina halikuwepo.

Alitoka akaketi kwenye benchi nje ya ofisi yao, ofisi ya watu watano yenye meza mbili. Hapo ndipo alipopitiwa na Stanslaus, mtunza maabara, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi. Sasa kamati hii lazima niieleze. Kila mtumishi alikuwa mwanachama, na kazi yake ilikuwa moja: kuzika. Kwa kazi hiyo hakuna mkoa uliokuwa na kamati kuishinda. Ukifiwa, kabla hujamaliza kufuta machozi wameshafika na mchele, sukari, masufuria na mikeka. Mfiwa anapewa ruhusa siku ile ile, haijadiliwi, na vipindi vyake vinagawanwa hata na watu wa uhasibu, wanakwenda kusimamia darasa lijisomee. Ukiwa hai kamati haikujui. Ukifa, au ukifiwa, unakuwa mfalme.

"Likizo umepata?" Stanslaus alimuuliza.

"Sijapata."

"Basi labda ufiwe, ndugu yangu," Stanslaus alisema, akacheka kidogo, akaendelea na safari yake.

Alisema kwa utani, maskini, na utani huo ukaota mizizi. Luhende aliendesha pikipiki akirudi mjini, mbung'o wanamla, na njia nzima alikuwa anachagua wa kumuua. Baba alishakufa kweli, hafi mara mbili. Kuhusu mama, aliogopa hata kumfikiria. Mwishowe aliufikia uso wa mjomba Ng'washi, kwa sababu moja tu, kwamba Maswa ni mbali na hakuna mtu wa chuo atakayefika. Alijua anachofanya. Kumtaja mzima kuwa ni marehemu ni kumchuria, hilo kila mtoto wa Kisukuma analijua, na mzee huyu ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza. Aliona aibu. Lakini uchovu ukizidi unakula na aibu.

Ijumaa asubuhi alimpigia Stanslaus simu. Alisema mjomba amefariki, wanazika Jumapili, na yeye anaondoka kesho alfajiri kwa basi. Sauti yake ilikuwa imekauka kiasi kwamba hakuhitaji kuigiza. Stanslaus alimpa pole kwa maneno mengi mazuri, na baada ya muda mfupi ruhusa ikaja kwenye simu kutoka kwa mkuu mwenyewe. Luhende alifunga mlango, akafunga dirisha, akaziba masikio kwa pamba. Mpango wake ulikuwa mfupi: kulala mpaka Jumatatu.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekuwa amechoka mpaka akasahau watu wake. Mfiwa wa huku haachwi peke yake. Kama anasafiri kesho, leo analindwa.

Saa nane mchana aliamshwa na vishindo. Alifungua mlango akaona lori la mizigo limesimama mbele ya nyumba, lile lori lililokuwa halipatikani kamwe kubeba watumishi, na wenzake wanashuka mmoja mmoja na masufuria. Mama Dorika alishaambiwa, alishavaa khanga ya kilioni, alishakwenda hata kumwomba mwenye mashine ya mpunga aizime kwa heshima ya msiba. Na mashine ilizimwa. Kwa mara ya kwanza tangu Luhende ahamie pale palikuwa na ukimya, na ukimya huo ulikuwa umejaa watu.

Walimkalisha kwenye mkeka, uani. Walimshika mkono kila mmoja kwa zamu. Stanslaus alitoa neno fupi kuhusu marehemu Ng'washi, kwamba alikuwa nguzo, na kila alivyozidi kumsifu Luhende alizidi kujikunja. Wanawake wa ofisi walianza kupembua mchele. Watu waliokuwa hawajakaa naye hata kwa chai kwa mwaka mzima walikuwa wamekaa naye, na aliona, kwa jicho la mwalimu wa mifugo anayejua mnyama mgonjwa, kwamba karibu wote walikuwa hoi kama yeye. Mhasibu alikuwa anasinzia huku amekaa. Msiba ulikuwa ndiyo mapumziko yao pia.

Angeweza kuvumilia. Angelia kidogo, angekula wali wao, alfajiri angezunguka mtaa na begi lake akarudi akajifungia. Lakini karibu na saa kumi wanafunzi nao wakafika, wachache, kwa baiskeli za kuazima, na mbele yao alikuwa Specioza. Alikuwa amebeba kuku wawili waliofungwa miguu. Aliwakabidhi kwa Mama Dorika, akaja akapiga goti mbele ya mwalimu wake.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Na nisamehe kwa siku ile kwa Mzee Manyanda. Sikujua kama ulikuwa unauguza."



"Wenzetu wa stashahada wametuambia," Specioza aliendelea, akiwa ameinamisha macho. "Wanasema ndigana uliwafundisha wao mara mbili. Mara ya pili wakajua mwalimu ana jambo zito. Wakaandika tena yote. Na pale uliposema ng'ombe asivutwe sikio, kwamba si mtoto wa shule, wakacheka tena, ili usijisikie vibaya."

Wakacheka tena. Luhende alilisikia neno hilo likishuka ndani yake mpaka mahali ambapo usingizi haufiki. Darasa zima la watoto wa watu, limekaa saa nzima linaandika kitu ambacho lilishakiandika, linangoja mahali pa kucheka ili limfichie aibu mwalimu wake. Ndicho kicheko alichokikumbuka. Ndicho alichomtukania huyu binti aliyemletea kuku na kupiga goti mbele yake.

Alianza kulia. Watu wakasema, aa, sasa ndiyo inamwingia, mwacheni alie. Walimwachia nafasi, na mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

"Simama, Specioza," alisema alipoweza kusema. "Ulisema kweli. Sikuwafundisha. Mimi ndiye niliyekosea, nikakutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Wimbo ukakatika. Mhadhiri kumwomba radhi mwanafunzi ni kitu kilichowafanya hata wapembua mchele wasimamishe mikono.

"Na sikuwa nauguza," Luhende akaendelea, kwa sababu alishaanza na hakuona pa kusimamia. "Mjomba wangu hajafa. Mzima yuko Maswa, jana alinipigia kuniuliza hali. Nimewadanganya wote. Nimechoka. Nilitaka kulala tu."

Mwanamke wa masijala alisimama, akachukua sufuria lake lililokuwa bado tupu, akatoka bila kuaga. Wawili wengine wakamfuata. Msiba hauchezewi, mmoja alisema akiwa ameshafika nje, na hakuna aliyembishia kwa sababu ni kweli hauchezewi.

Stanslaus alibaki amekaa. Alikuwa mtu wa haki, mwenye kupenda taratibu, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia.

"Luhende, kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Nilikuambia. Pale kwenye benchi."

"Uliniambia hujapata likizo. Hukuniambia hivi."

"Ningekuambia hivi ungefanya nini?"

Ilikuwa wazi kwamba Stanslaus anapita kifungu kwa kifungu, kichwani, katiba ya kamati aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Hakuna," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tuna kifungu cha mume, mke, watoto, wazazi, wajomba na mashangazi. Miaka yote hii naongoza hii kamati, sijawahi kuombwa kitu na mtu kwa ajili yake mwenyewe akiwa hai. Hatuna kifungu chake. Tunacho cha maiti tu."

Watu waliobaki walitazama chini. Mhasibu alikuwa ameshaamka, na machoni mwao wote ilionekana kwamba kila mmoja alikuwa anajifikiria mwenyewe, siku yake, chumba chake, na pikipiki yake mchangani. Ruhusa ya mfiwa ingefutwa Jumatatu mkuu atakaposikia, na pengine barua ya onyo ingefuata. Luhende alijua. Alikaa mikono mapajani, hana tena nguvu hata ya kujitetea.

Ni Mama Dorika aliyesimama. Alikuwa ameshika wale kuku wawili kwa miguu, na mkono wa pili ameuweka kiunoni.

"Nyie wasomi mnanichosha," alisema. "Mchele umeshapembuliwa, mashine imezimwa, lori limeshakunywa mafuta. Mhesabuni huyo mjomba amekufa mpaka Jumapili. Mwalimu, ingia ndani ukalale."

Luhende alimtazama Stanslaus. Stanslaus alivua koti lake, akalikunja, akakaa vizuri kwenye mkeka kama mtu ambaye bado yuko kwenye matanga.

Basi akaingia. Hakuvua hata viatu. Nje alisikia moto ukiwashwa, na kuni zikivunjwa taratibu, na Specioza akiuliza maji yako wapi. Mtoto mmoja wa jirani alipita akipiga kelele, na sauti ya Stanslaus ikamkemea kwa kunong'ona, ikamwambia anyamaze, kuna mtu amelala.